Gari inakula oili na chini hakuna tone: inakwenda wapi?

"Assalaamu alaykum fundi. Nina Toyota Wish ya mwaka 2003, injini ya 1ZZ, imeshatembea kilomita 186,000. Nachukua abiria baina ya Chake Chake na Mkoani, kiasi cha kilomita 120 kwa siku, siku sita za wiki. Siku za meli hungoja bandarini hata kwa muda wa saa mbili, injini inanguruma kwa ajili ya AC. Tangu Ramadhani iliyopita naongeza lita moja ya oili kila baada ya wiki mbili. Nimelaza boksi chini ya gari usiku kucha, sikuona hata tone. Moshi wa buluu nauona asubuhi tu nikiwasha, kisha unapotea. Fundi wa kwanza kaniambia nitie oili nzito, 20W-50. Wa pili kasema injini imekwisha, nitafute ya mtumba. Wa tatu kasema ni gasketi ya hedi na yuko tayari kuifungua wiki hii. Pesa nilizonazo ni za kufanya jambo moja tu. Nifanye lipi?"

Waalaykumu salaam ndugu yangu, na ahsante kwa kunieleza kwa namba. Wengi huniambia "gari inakula oili" wakaishia hapo, na neno hilo peke yake halitoshi kuanzia kazi.

Kwanza nikutulize: wiki hii usikubali ifunguliwe injini. Hakuna ulichokitaja kinachodai haraka hiyo. Kilichopo ni kwamba umepewa dawa tatu na mafundi watatu, na hakuna hata mmoja aliyepima. Kazi ya kupima ni ya pesa ndogo, na nyengine utaifanya mwenyewe barazani kwako.

Tuanze na hesabu. Kilomita 120 kwa siku sita ni 720, kwa wiki mbili ni 1,440. Lita moja kwa masafa hayo ni kama mililita 700 kwa kila kilomita 1,000. Ni nyingi kwa gari ya kawaida, lakini si maafa. Kila injini hula oili kidogo, hata mpya, kwa sababu ukuta wa silinda lazima ubaki na utando mwembamba wa oili ili pistoni isikwaruze, na utando huo huungua pamoja na petroli. Baadhi ya watengenezaji huandika katika vitabu vyao kwamba lita 1 kwa kilomita 1,000 ndio mwisho wa kuvumilia. Wewe uko chini ya hapo, ingawa umeshausogelea.

Halafu kuna kitu ambacho mita ya kilomita haikionyeshi. Zile saa mbili za bandarini injini inafanya kazi na kilomita hazisogei. Tena injini ikinguruma tu bila ya kukanyagwa, mvuto wa hewa ndani yake ni mkubwa kuliko ikiwa barabarani imekanyagwa, na mvuto huo ndio unaofyonza oili kupitia sili za valvu na njia ya pumzi. Kwa hivyo sehemu ya lita yako inaliwa hapo Mkoani ukisubiri meli. Jaribu wiki mbili kuzima injini ukingoja, ufungue madirisha, uone kama kiasi kinabadilika. Kikipungua sana, umeshajua pa kutafuta.

Sasa jambo ninalolihofia kuliko gari yenyewe. Injini hii inachukua kama lita 3.7 pamoja na filta. Ukipoteza lita moja kila wiki mbili ukasahau kuongeza wiki sita, umebakiwa na chini ya lita moja. Wengi hungojea taa nyekundu ya oili iwake. Ile taa haipimi kiasi, inapima presha. Ikiwaka, pampu imeshaanza kuvuta hewa badala ya oili, na beringi za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) zinasagika wakati huo huo wewe unatafuta pa kuegesha. Injini nyingi ninazoletewa zimekwisha hazikufa kwa kula oili, zimekufa kwa mwenyewe kutojua kwamba oili imeisha. Kwa hivyo chomoa kijiti cha kupimia kila Ijumaa asubuhi kabla ya kuwasha, gari ikiwa pahala palipo sawa. Na usijaze kupita alama ya juu. Oili ikizidi, krenki huipiga ikatoa povu, na nyengine ikapanda njia ya pumzi ikaungua, ukadhani ugonjwa umezidi.

Tuje kwenye swali lenyewe: oili inapita wapi.

Boksi lako limeondoa uvujaji mmoja tu, ule wa gari iliyolala. Kuna uvujaji wa gari inayokwenda, injini ikiwa moto na oili ina presha, na upepo wa barabara ukaitawanya chini ya gari kabla haijawa tone. Katika 1ZZ kuna pahala maarufu: kile kikaza cheni ya taimingi kilichofungwa ubavuni mwa injini kina ringi ya mpira ambayo hukauka ikaanza kutoa jasho la oili. Angalia pia gasketi ya kava ya valvu, khasa ndani ya mashimo ya plagi, na sili ya krenki upande wa puli. Gari inayolala karibu na bahari haikosi kutu, basi pitisha mkono chini ya sampu (bakuli la oili lililo chini ya injini) na kwenye nati ya kumwagia. Namna ya kutafuta ni rahisi: oshesha injini vizuri, ikauke, nyunyiza poda nyeupe ya watoto pahala unapopatilia shaka, tembea siku moja, kisha ufungue boneti. Poda iliyolowa itakuonyesha.

Ukikuta pakavu, basi oili inaungua ndani, na hapo kuna njia tatu.

Ya kwanza ni ya pumzi. Ndani ya injini kuna hewa chafu inayopenya kutoka juu ya pistoni, na injini inaivuta na kuiunguza kupitia valvu ndogo iitwayo PCV, iliyopo kwenye kava ya valvu. Ikikwama wazi, inavuta ukungu wa oili mchana kutwa. Ikiziba, presha inajaa ndani na kusukuma oili kila palipo dhaifu. Nakumbuka gari moja ya shamba niliyoifungua injini nzima, nikabadilisha ringi, na bado ikala oili. Mwisho tukagundua ni PCV na bomba lake. Mwenye gari alilipa kazi ya wiki nzima kwa kosa la kitu kinachoenea kwenye kiganja, na tangu siku ile sifungui injini kabla sijaishika PCV mkononi. Itoe, itikise. Nzima hulia kijisauti cha kugonga. Ikiwa kimya au imeganda kwa masizi, badilisha, na usafishe bomba lake. Angalia na bomba la hewa linaloingia injini: ukilikuta limelowa oili nyingi, hiyo ni dalili.

Ya pili ni sili za valvu. Ni vikofia vya mpira vinavyozuia oili isiteremke kwenye shina la valvu. Mpira wa miaka ishirini na zaidi, katika joto la injini, huwa mgumu kama plastiki. Usiku oili hujipenyeza taratibu ikakaa juu ya pistoni, na asubuhi ukiwasha unaona moshi wa buluu kwa sekunde chache. Moshi unaousema ndio huu hasa. Na nyinyi watu wa Pemba mnayo karakana ya bure: vilima. Teremka mteremko mrefu katika gia ndogo, mguu nje ya petroli, ukifika chini ukanyage. Ikitoka pumzi ya moshi wa buluu hapo, sili za valvu zina kesi. Na ukipanda kilima na abiria wamejaa, mwambie mtu aliye nyuma yako aangalie. Moshi wa kupanda ni wa ringi. Jaribio la tatu lifanye bandarini: baada ya kunguruma dakika ishirini, kanyaga mara moja, mtu akiwa nyuma anatazama.

Hata hivyo sili za valvu peke yake mara nyingi hazili mililita 700 kwa kilomita 1,000. Ndio maana natilia shaka njia ya tatu, ringi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapopoteza pesa.

Kila pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu kazi yao ni kuzuia mripuko usipite kwenda chini. Ya tatu ni ringi ya oili: inakwangua oili kutoka ukuta wa silinda na kuirejesha kwenye sampu kupitia matundu madogo yaliyo nyuma yake, ndani ya pistoni. Matundu yale yakiziba kwa masizi, oili iliyokwanguliwa haina pa kwenda. Inabaki juu, inaungua, inazaa masizi zaidi, na masizi yanaibana ringi hadi inaganda katika mfereji wake na haichezi tena. Ugonjwa huu hujilisha wenyewe. Na 1ZZ za miaka ya mwanzo zinajulikana nao: matundu ya pistoni zake yalikuwa machache na madogo, na baadaye Toyota ilibadilisha pistoni. Gari yako ya 2003 huenda imo katika kundi hilo. Ukichelewa kumwaga oili, au injini ikipandisha moto mara moja mbili, matundu hayo huziba mapema zaidi.

Hapa kuna mtego. Fundi atakuja na kipimo cha kompresheni, atakuta silinda zote ziko vyema, atakwambia ringi ni nzima. Si lazima iwe hivyo. Kompresheni inapima zile ringi mbili za juu. Ringi ya oili inaweza kuwa imeganda kabisa na kipimo kisiseme lolote. Kipimo kifanywe, maana kinasaidia: silinda zikipishana zaidi ya psi 15 hivi, kuna tatizo, na ukitia kijiko kimoja cha oili kwenye silinda dhaifu, kompresheni ikapanda, ni ringi. Isipopanda, ni valvu. Lakini kipimo kizuri kisikufanye uifute ringi ya oili katika orodha. Plagi husema ukweli zaidi. Zitoe zote nne, zipange kwa mpango wa silinda. Moja ikiwa imelowa na nyeusi na nyengine kavu, kasoro iko silinda ile. Zote nne zikiwa na ukoko wa jivu, kasoro ni ya jumla, na kwa 1ZZ mimi huelekea kwenye ringi.

Na usidanganyike kwamba huoni moshi ukiwa barabarani. Kama katalitiki (kisafisha moshi) ya ekzosi yako bado ipo, inaunguza sehemu ya moshi huo kabla haujatoka. Gari inaweza kula nusu lita na ekzosi ikaonekana safi. Katalitiki nayo huchakaa kwa kazi hiyo.

Sasa nirudi kwa mafundi wako, nami nisingependa kumvunjia mtu heshima.

Wa tatu aliyetaja gasketi ya hedi, sioni dalili moja ya kumuunga mkono. Gasketi ikikatika, mara nyingi maji ya rejeta hupungua bila ya sababu, oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa, moshi huwa mweupe mzito, gari hupandisha moto. Hukutaja hata kimoja. Angalia maji asubuhi injini ikiwa baridi, siku tatu mfululizo. Kama hayapungui na oili haijachafuka, hedi iache pahala pake.

Wa kwanza, wa oili nzito, ana nusu ya haki. Oili nzito kidogo hupita kwa shida zaidi kwenye sili zilizochoka, na hapa kwetu hakuna baridi ya kuogopa. Lakini 20W-50 naiona imepita kiasi kwa injini hii. Ina mfumo wa VVT-i, unaobadilisha wakati wa kufunguka valvu, na kikaza cheni, vinavyofanya kazi kwa presha ya oili kupitia vijia vyembamba, na asubuhi vinataka oili ifike upesi. Kama sasa unatia 5W-30, jaribu 10W-40 yenye alama ya ubora ya API ya SN au SP, kwenye galoni ambalo hujaona mtu amelifungua. Oili ya kupimiwa kwenye chupa usiitie. Ukiona tofauti, vyema. Usipoiona, usipande tena uzito, maana oili nzito haizibui tundu lililoziba.

Wa pili ndiye wa hatari kwa mfuko wako. Injini ya mtumba ya 1ZZ ya miaka ile ile ina pistoni zile zile. Unaweza kutoa pesa zako zote ukanunua ugonjwa ule ule, tena usiojua umefika wapi. Nisingeinunua bila ya kujua ni ya mwaka gani, kuichungulia chini ya kifuniko cha oili kama kuna masizi mazito, na kuipima kompresheni kabla ya kulipa. Injini iliyolala sakafuni dukani haiwezi kukwambia kama inakula oili.

Ningekuwa wewe ningekwenda hivi. PCV mpya na bomba safi, kikaza cheni kitiwe ringi mpya ikiwa panatoa jasho, kisha oili na filta mpya. Jaza hadi alama ya juu, andika kilomita kwenye karatasi uibandike kwenye dashibodi. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, itie alama za kalamu, na kila unapoongeza andika umetia kiasi gani. Baada ya kilomita 1,000 utakuwa na namba ya kweli.

Ikiwa bado ni mililita 600 au 700, kuna jaribio moja kabla ya kufungua: kulowesha pistoni. Plagi zinatolewa, dawa ya kuyeyusha masizi inatiwa kila silinda, inaachwa usiku kucha, kisha oili yote inamwagwa. Nimeona ikifaulu, nimeona isifanye chochote. Sikuahidi. Lakini mwambie fundi neno hili kwa msisitizo: injini izungushwe kwa stata plagi zikiwa nje kwanza, ili dawa iliyobaki itoke. Maji hayabanwi kama hewa. Plagi zikirudishwa na silinda imejaa dawa, koneti, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, hupinda na injini ndio imekwisha kweli. Baada ya hapo mwaga oili kila kilomita 4,000 au 5,000 bila ya kukawia. Na ile oili chakavu isimwagwe chini. Visiwa vyetu tunakunywa maji yaliyo chini ya miguu yetu.

Zile dawa za makopo zinazoahidi kukata moshi ni uzito tu umetiwa ndani ya oili. Utauza gari nazo, hutaitibu.

Kama jaribio la mteremko limeonyesha sili za valvu, zinaweza kubadilishwa bila ya kushusha hedi, fundi akijua kuzishikilia valvu kwa hewa ya kompresa au kwa kamba kupitia tundu la plagi. Muulize kama ameshaifanya. Akikwambia lazima hedi ishuke, si lazima awe mwongo, ila huenda kuna mwengine anayejua njia fupi.

Kazi ya ringi ni kubwa: injini inafunguliwa, ringi mpya, na kwa 1ZZ yako pistoni za muundo uliorekebishwa, maana ringi mpya katika pistoni za zamani ni kurudi hapa baada ya miaka michache. Kuta za silinda za injini hii ni nyembamba, kwa hivyo akikushauri kuzichonga ziwe pana, tafuta rai ya pili.

Na ipo njia ambayo mafundi hatupendi kuitaja kwa sababu hatupati kitu ndani yake: kuendelea kuongeza oili. Kwa mwendo wako ni kama kilomita 37,000 kwa mwaka, yaani lita 26 hivi. Zidisha kwa bei unayonunulia, linganisha na bei utakayoambiwa ya kufungua, ujue ni miaka mingapi ya kuongeza oili iliyomo ndani ya kazi ile. Kwa gari ya umri huu mara nyingi hesabu inasema ongeza na uendelee, maadamu plagi hazilowi na kiasi hakipandi. Si uzembe huo.

Usiendelee na njia hiyo ikiwa kiasi kimepita lita 1 kwa kilomita 1,000, au injini inakosa moto silinda moja, au unasikia cheni ikigonga asubuhi zaidi ya sekunde mbili. Hapo ipeleke kwa fundi mwenye kipimo, akipime mbele yako. Na taa nyekundu ikiwaka njiani, hata ukiwa na abiria wa meli wanaochelewa, zima hapo hapo, usijiambie utafika. Bora uitafutie gari ya kuivuta.

Ukimaliza kilomita zako 1,000, niletee mambo manne: umeongeza kiasi gani, PCV ya zamani ulipoitikisa ililia au ilinyamaza, plagi nne zilikuwa na sura gani, na mteremko ulisema nini. Hapo tutajua kama zile pesa za jambo moja zina kazi ya kufanya.